Beseni Moja, Majembe Kumi na Manne

Nilipofika hospitali, dada yangu alikuwa ameshatolewa nyuzi. Mimi nilikuwa Kampala, napakia matikiti kwenye malori, na simu nilikuwa nimeiuza. Habari kwamba amepasuliwa uvimbe tumboni zilinifikia kwa mdomo wa dereva, siku tisa baadaye. Aliyekuwa kando ya kitanda chake, akimlisha uji kwa kijiko, hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mama mmoja wa Biryogo, mtaa wa Kigali, Mwislamu mwenye kilemba cha kahawia, ambaye kipande chake cha shamba kinapakana na cha dada bondeni. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Huyu ndiyo ndugu?" akamuuliza dada. Kisha akanikabidhi bakuli. "Karibu. Uji bado iko moto."

Akainuka kunipisha. Nilikaa pale alipokaa yeye, kiti kikiwa bado na joto lake, nikajua kwamba nimechukua nafasi ya mtu aliyestahili kuliko mimi.

Sisi tulizaliwa Karagwe, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa vijana. Ndiyo maana hadi leo dada na mimi tukiwa wawili tunaongea Kiswahili, na Kinyarwanda tunakiacha kwa majirani. Tuliporudi nchini nilimalizia sekondari hapa Kigali, na tangu hapo sikutulia mahali. Nimeishi Bukoba, Kahama, Mbarara, na kwa miaka minne Ilula, kule Iringa, kwenye mashamba ya nyanya. Ilula ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Nikinusa jani la nyanya lililosuguliwa naiona ile asubuhi ya baridi, vidole vyetu vimeingia rangi ya kijani isiyotoka kwa sabuni, na msimamizi wetu, mzee mkali asiyecheka, akipita mstari kwa mstari akitafuta chipukizi tulilosahau kulikata. Yule mzee alinifundisha kazi moja maishani, na ndiyo hiyo.

Kipande cha dada kilikuwa kwenye bonde lililo chini ya Batsinda, mtaa wa mlimani anakoishi. Ardhi ya bonde ni ya serikali. Koperative, yaani chama cha ushirika, huigawa kwa wanachama, kila mmoja na kipande chake kirefu chembamba kati ya mifereji miwili. Msimu ule sehemu yetu yote ilipangiwa nyanya, kwa sababu mnunuzi aliyekuwa akileta gari alitaka nyanya tu. Na kulikuwa na sheria moja iliyoogopwa kuliko magonjwa: kipande kikikosa mavuno misimu miwili mfululizo, kinapewa mtu mwingine. Orodha ya wanaosubiri ilibandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha mikutano, na ilikuwa ndefu.

Dada alikuwa ameshapoteza msimu mmoja. Mfereji ulikuwa umeziba, maji yakalala shambani, na mimea iliyosongamana ikaoza kwa ukungu. Zamani alifagia ofisi Kacyiru, lakini alipoanza kuumwa walimweka mwingine. Kipande kile ndicho kilichobaki chini ya miguu yake na watoto wake wawili wa kike. Sasa daktari alikuwa amemkataza kuinama kwa miezi mitatu.

"Kwa hiyo umekuja kuniaga au umekuja kulima?" aliniuliza siku ya pili baada ya kurudi nyumbani.

"Nimekuja kulima."

"Hadi lini?"

"Hadi uvune."

Akajifunika kitenge vizuri.

Nilianza na maji. Nilizibua mfereji wa chini siku tano nikiwa nimezama hadi magotini, nikitoa tope jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza. Kisha nikainua matuta, marefu ya kufika magotini, ili mizizi ikae juu ya unyevu. Nilisia mbegu kwenye kitalu kidogo cha udongo niliouchoma kwa moto wa majani, halafu nikahamishia miche kwenye vikopo vya maganda ya mgomba, kwa kuwa mifuko ya plastiki hairuhusiwi hapa. Dada alikuja kila asubuhi akitembea polepole, mkono mmoja tumboni, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kunisimamia.

Siku ya kuhamisha miche alishindwa kuvumilia.

"Wewe, unapanda nyanya au unapanda njia? Katikati hapo ng'ombe anapita."

"Zikikua zitafungana."

"Na zisipokua? Jirani huyu ameweka miche mara mbili yako."

"Atavuna ukungu mara mbili yangu."

"Umetoka Tanzania na mdomo wote," akasema, lakini alicheka kidogo, halafu akashika tumbo kwa sababu kucheka kulimuuma.

Nyanya nilizisimamisha kwa vijiti vya mikaratusi, nikazifunga kwa nyuzi za mgomba. Nilikata machipukizi ya pembeni kila juma na kuacha shina moja moja. Nikatandaza majani makavu chini ili mvua isirushe udongo kwenye majani mabichi. Nilimwagilia asubuhi tu, kwenye mzizi tu, na sikuchota maji ya mfereji wa juu, uliopita kwenye vipande vya wenzetu, bali ya chemchemi iliyokuwa ukingoni, mbali zaidi na yenye kuchosha. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililo la ajabu. Ni kazi ya kurudia tu, na mtu akiirudia bila kuchoka mmea unamjibu. Mwezi wa pili vichala vilikuwa vizito hadi vijiti vikainama. Agoronome, bwana shamba wa koperative, alileta watu watazame, akapiga picha kwa simu. Dada alisimama pembeni amevaa kitenge chake kizuri. Nilimwona akihesabu vichala kwa macho.

Wakati huohuo nyanya za mama wa Biryogo zilianza kulala mchana.

Nilikuwa nikipita kwenye tuta la mpakani nilipoona mimea mitatu imelegea, majani bado ya kijani, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Jioni ilisimama tena. Siku ya tatu haikusimama. Watu wa huku huita ugonjwa ule kirabiranya, jina wanalolitumia pia kwa ndizi. Ilula tuliuita mnyauko, na yule msimamizi alikuwa akitufukuza shambani kwa matusi tukiingia na jembe lililotoka kwingine.

Nilimwomba mama shina moja. Nikalikata, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi mbele yake na mbele ya dada. Tulingoja kidogo. Uzi mweupe, mwembamba kama moshi wa ubani, ukaanza kushuka kutoka kwenye shina hadi chini ya glasi.

"Hiyo ni nini?" mama akauliza.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Unakaa kwenye udongo na kwenye maji, na unasafiri na tope. Hauna dawa, mama. Mimea hiyo ing'olewe na kuchomwa, na jembe la shamba hili lisiingie shamba lingine."

Aliitazama glasi kwa muda. "Ni jua," akasema. "Mwaka huu jua limezidi." Akachukua mfuko wake akaondoka. Sidhani kama hakuniamini. Nadhani alikuwa ameniamini na hakutaka kubaki pale.

Nilimwambia agoronome. Akaandika kwenye daftari, akasema ataripoti.

Baada ya wiki mbili dada alirudi kutoka kanisani uso umechangamka kuliko nilivyouona tangu nije. Wanawake wa bondeni walikuwa wamemwekea siku. Hii ni desturi ya kule: mwanamke akitoka hospitali au akijifungua, wenzake huchagua asubuhi moja, wanakuja wote na majembe yao, wanapalilia na kuinulia udongo shamba lake lote, kisha wanakunywa uji pamoja palepale. Mwaka uliopita dada mwenyewe alikwenda kwenye siku tatu kama hizo.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Wasiingie. Wengi wao wana kirabiranya kwenye vipande vyao. Uliona glasi."

"Niliona."

"Basi waambie nimeshapalilia. Waje tu kunywa uji."

"Niwaambie ndugu yangu amewakataza kukanyaga?"

"Waje bila majembe, wang'oe kwa mkono."

Alinicheka. "Mtu haendi kumsaidia mwenzake kulima mikono mitupu. Hiyo ni kwenda kutazama."

Nilianza kumweleza tena habari za udongo, naye akanikata kwa sauti ya chini.

"Sikiliza. Mimi siyo mjinga, nimekuelewa tangu siku ya glasi. Lakini nilipokuwa nalia pale hospitali, nani alinifulia? Nani alilala chini kwenye kikanga? Nikiwa na shamba nikakosa watu, siku nikifa wewe utakuwa wapi? Utapata habari baada ya siku tisa."

Mwishowe nilisema kwamba nitaweka beseni la dawa kwenye mlango wa shamba, kila mtu achovye jembe lake na miguu yake kabla ya kuingia. Alifikiri, akakubali. Kesho yake nilishuka mjini, Muhima, nikanunua chupa moja ya klorini, ile ya kufulia.

Siku ya siku wakaja kumi na wanne, mstari mmoja kwenye mteremko wa mlima, majembe begani, wanaimba. Wengi walikuwa wametoka moja kwa moja kwenye vipande vyao. Mimi nimesimama kando ya beseni la bluu kama askari wa forodha. Wimbo ukakatika.

"Iko nini hapa?" aliuliza aliyetangulia.

"Dawa ya ugonjwa wa nyanya, mama. Mnisamehe. Majembe na miguu."

Wakatazamana. Nilisikia mmoja nyuma akisema kwa Kinyarwanda kwamba sasa tunaoshwa kama wachawi. Dada, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo yake, aliinamisha uso. Ndipo mama wa Biryogo akajipenyeza mbele, jembe lake mkononi.

"Padri wa Karagwe anabatiza majembe!" akasema kwa sauti kubwa. "Na langu la Kiislamu je? Limeshatawadha nyumbani."

Wakaangua kicheko wote. Akachovya jembe, akachovya mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akaniambia kwa sauti ya kunifikia mimi tu: "Nimechovya, mwanangu. Umeridhika?"

"Ahsante, mama."

Wengine wakafuata. Kila aliyechovya alitoa utani wake. Mmoja alitaka jina la ubatizo la jembe lake, mwingine alinirushia maji usoni, mwingine akasema mwanaume anayejua kuosha vyombo hivi mbona hajaolewa. Nilicheka nao. Nilikuwa sijachekwa hivyo, kwa upendo, na watu wanaojua nyumba niliyotoka, kwa miaka mingi sana. Na huku nacheka nililiona beseni.

Kufika jembe la sita maji yalikuwa yamegeuka uji wa kahawia. Klorini ikikutana na tope haifanyi kazi tena, inakufa. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Ilula tulikuwa tukimwaga na kujaza upya kila baada ya watu watatu. Nilikuwa na nusu chupa imebaki na chemchemi iko hatua mia moja. Ningewaambia wasimame. Ningewaambia: ngojeni, maji yamechafuka, nyote mlioingia tokeni muoshe upya. Wimbo ulikuwa umeshaanza tena ndani ya shamba, dada alikuwa ameinua uso na anapiga makofi, na mimi nilikuwa nimeshawaudhi mara moja na kusamehewa. Sikutaka kuwaudhi mara ya pili. Nikasema moyoni kwamba labda itatosha. Majembe manane yaliyofuata yalichovywa kwenye tope la majembe sita ya kwanza, na miguu vilevile, na mimi nikiwakaribisha mmoja mmoja.

Walipalilia vizuri. Kila jembe lilipogusa udongo karibu na shina lilikata vijizizi vidogo, kama inavyotokea kila mara, na vijidonda hivyo ndivyo mlango wa mnyauko.

Siku ya kumi na moja mmea mmoja ulilala mchana, katikati ya tuta la tatu. Nilikwenda nao nyumbani nikaukata juu ya glasi jikoni, dada akiwa anachambua maharage. Uzi ulishuka. Hakuinua kichwa.

"Ndiyo?" akauliza.

"Ndiyo."

Aliendelea kuchambua. Nilitaka kumwambia habari za beseni, nikashindwa. Nikamwambia kwamba nitang'oa na kuchoma, labda tutauzuia. Nilichimba mitaro kuzunguka kila shimo, nikamwaga majivu na chokaa, nikawa naosha miguu yangu kati ya tuta na tuta. Ugonjwa ulinipita tu. Ulikuwa umeingia kwa njia nyingi mno siku moja. Ndani ya wiki tatu matuta manne kati ya sita yalikuwa matupu, na kwenye mawili yaliyobaki nyanya ziliiva ndogo, zimesinyaa, kabla ya wakati wake. Gari la mnunuzi lilipokuja tulipeleka makreti mawili. Mtu wa gari aliinua nyanya moja, akaiminya, akairudisha, akayakataa makreti yote mawili.

Mkutano wa koperative ulikaa kibandani mvua ikinyesha, tukisogea ili kukwepa mahali panapovuja. Mwenyekiti, mwanaume mpole mwenye miwani, alisoma vipande vilivyokosa mavuno. Vingi vilikuwa vimekosa kwa mara ya kwanza, kikiwemo cha mama wa Biryogo. Cha dada peke yake kilikuwa cha mara ya pili. Akauliza kama kuna sababu ambayo mkutano unapaswa kuizingatia.

Sababu ilikuwepo. Sheria iliruhusu kumwongezea mtu msimu kama hasara ililetwa na wengine: mifugo yao, maji yao, uzembe wao. Nilijua. Dada naye alijua, na alikuwa amenishika mkono wa shati tangu tukae, kwa nguvu. Tulipokuwa njiani alikuwa ameniambia: ukiwataja waliokuja kunisaidia, usirudi nyumbani.

Nikasimama. Nikasema kwamba ugonjwa uliingia siku ya kupaliliwa, lakini wenye majembe hawana kosa, walifanya kila walichoambiwa. Mimi ndiye niliyeweka beseni moja, mimi ndiye niliyeona maji yamekufa, na mimi ndiye niliyenyamaza. Nilieleza yote, hadi nusu chupa iliyobaki. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na wa nyuma walilazimika kuulizana nimesema nini.

Dada aliniachia shati.

"Wewe siyo mwanachama," mwenyekiti akasema taratibu. "Wewe ni mtu wa nyumba yake. Uzembe wa mtu wa nyumba yake ni wa kwake."

Mama wa Biryogo alisimama akasema kwamba yeye alijua shamba lake linaumwa, alionyeshwa ugonjwa kwenye glasi, na alikuja na jembe hata hivyo. Kama kuna kosa, ligawanywe. Mwenyekiti alimshukuru. Akasema kosa haligawanyiki kwenye kitabu. Wakapiga kura kwa mikono kipande kichukuliwe, na mikono mingi iliyoinuka ilikuwa ile niliyoijua. Sikuwachukia. Vipande vyao vilikuwa na msimu mmoja tu mbele yao kabla ya kunyang'anywa.

Kipande alipewa kijana mmoja mwenye mke na mtoto mchanga, wa kwanza kwenye orodha. Kwa utaratibu, anayetoka humzungusha anayeingia mipaka yote minne. Dada alitaka tumfanyie hivyo wenyewe, wala tusimwachie agoronome. Kijana alifika na mkewe, wote wamevaa mabuti mapya, na mkewe amebeba trei ya miche kichwani. Nilipoishusha nikaona ni nyanya.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hapa usipande nyanya. Wala bilinganya, wala pilipili hoho, wala viazi mviringo. Zote zinakufa kwa ugonjwa huu. Panda kabichi, vitunguu, mahindi, misimu kadhaa, udongo ujisafishe. Matuta ni mazuri, mfereji ni mzima. Kabichi hapa itakuwa kubwa hivi."

"Gari linataka nyanya."

"Zitakufa. Nimekuambia mbele ya mkeo."

Alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni mlevi. "Kaka, nimengoja kipande hiki miaka mitatu. Ninyi kimewashinda, nawaonea huruma. Lakini msinitakie na mimi kinishinde." Akamgeukia dada. "Samahani, mama, sikusudii vibaya."

"Najua," dada akasema.

Akamwonyesha mpaka wa kaskazini, wa mashariki, jiwe la pembeni linalozama mvua ikizidi. Alimweleza mkewe mahali penye kivuli pa kumlaza mtoto. Kisha tukapanda mlima, yeye mbele, akisimama kila baada ya hatua chache kushika tumbo. Juu kidogo aligeuka. Kijana alikuwa ameshavua shati. Alikuwa akichimba mashimo kwenye tuta la tatu kwa jembe lake jipya, na mkewe anamfuata nyuma, anaweka mche, anashindilia udongo kwa viganja viwili.

"Umemwambia vizuri?" dada akaniuliza.

"Umesikia mwenyewe."

Alisimama akawatazama hadi wakamaliza tuta lile na kuhamia la nne.